Maswali Yenu, Majibu Yetu: Vijana Hawakai Kwenye Bao Letu

Barua za mwezi huu zimefuatana kwa kilio kimoja: klabu za bao zinazeeka na kiti cha kijana ni kitupu. Tumeanza na barua ya Bagamoyo, maana ndiyo inayogusa kiini cha jambo.

Assalaam aleikum. Mimi ni katibu wa klabu ya bao hapa mjini kwetu. Tuko wanachama 23 na mdogo wetu kabisa ana miaka 47. Mwaka jana tuliwaalika vijana wa mtaani, wakaja kumi na wawili. Baada ya mwezi walibaki wawili, na sasa hakuna hata mmoja. Tuna mabao mawili mazuri ya mninga, baraza lina kivuli, kahawa haikosekani. Wenzangu wanasema vijana wa leo ni simu tu. Je, ndivyo? (Katibu, Bagamoyo)

Waaleikum salaam, katibu. Simu msiisingizie. Vijana kumi na wawili kuacha shughuli zao na kuja barazani ni ushahidi kwamba hamu ipo. Swali la kujiuliza ni hili: kila mmoja wao alicheza mara ngapi kwa jioni moja?

Mabaraza mengi yanafuata kanuni ya mshindi anabaki, aliyefungwa anaondoka. Kanuni hiyo ni tamu kwa mabingwa, lakini humfukuza anayejifunza. Piga hesabu. Bao moja, watu wanane: wawili wanacheza, sita wanangoja. Kijana anakaa, anafungwa, anarudi nyuma ya foleni. Mchezo mmoja ukichukua dakika 15, atangoja michezo sita kabla ya kurudi kwenye kiti, yaani saa moja na nusu. Akirudi anafungwa tena, pengine kwa dakika tano tu. Tangu alasiri hadi adhana ya magharibi atakuwa amegusa kete mara mbili. Anayehitaji mazoezi kuliko wote ndiye anayecheza kidogo kuliko wote. Hapo hata mtu mwenye mapenzi makubwa ataona heri akacheze keram.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni zamu. Tengeni bao moja liwe la wanaojifunza, na mzee asikae pale ila kwa kufundisha. Vijana wanne kwenye bao moja watangoja michezo miwili tu, na kwa kuwa wote wako ngazi moja, kila mmoja atashinda siku moja moja. Wakizidi wanne, ongezeni bao. Kwenye bao la wakubwa wekeni kanuni kwamba mshindi akishinda mara mbili mfululizo anapisha. Mabingwa watanung'unika wiki ya kwanza. Msilegeze.

Jambo la pili ni mahali pa kuanzia. Klabu nyingi humkalisha mgeni moja kwa moja kwenye bao la kiswahili, ule mchezo kamili: nyumba (shimo maalumu la kila mchezaji), kunamua (kuingiza kete za mkononi moja moja), kutakata (kusambaza bila kula), mtaji (nafasi ya kula), kichwa (shimo la mwisho la safu ya mbele, kila ncha) na kimbi (mashimo mawili ya ncha, kichwa na jirani yake), yote kwa siku moja. Hakuna anayebeba mzigo huo. Anzeni na bao la kujifunza, lile la kete mbili katika kila shimo, zote 64 zikiwa ubaoni, bila nyumba na bila kunamua. Uzuri wake ni kwamba mgeni anakula kete za mpinzani tangu hoja yake ya kwanza, yaani zamu yake ya kwanza ya kucheza. Achukue kete mbili za shimo la tatu kutoka kushoto, safu ya mbele, ile inayomkabili mpinzani, azisambaze kuelekea kulia. Ya mwisho inaangukia shimo la tano, lenye kete, na shimo la mpinzani linalotazamana nalo lina kete pia. Tayari amekula mbili, anaanza kuzisambaza kichwani upande wa kushoto, na ataendelea kula. Mtu aliyekula katika hoja yake ya kwanza atarudi kesho.

Mwacheni acheze hivyo wiki tatu au nne, mpaka mambo matatu yawe mazoea. Kwanza, shimo lenye kete moja haliwezi kuanzishwa. Pili, ukiwa na mtaji ni lazima ule. Huna hiari ya kupita. Tatu, ukila ukiwa kwenye kimbi, kete ulizokula zinaanzia kichwa kilicho karibu, hata kama itakubidi kugeuza mwelekeo. Hili la tatu ndilo linalowapoteza wengi, na sababu yake ni kasi. Mzee mwenye mkono mwepesi anasambaza kete kumi na mbili kabla mgeni hajaona zimeanzia wapi. Anayefundisha aweke kete moja moja, asikike ikigonga mbao, na akifika kwenye kimbi asimame kidogo.

Ndipo mwende kwenye bao la kiswahili. Kila mmoja anaweka kete sita kwenye nyumba yake, ambayo ni shimo la tano kutoka kushoto kwake, na mbili mbili kwenye mashimo mawili yanayofuata kulia. Zinabaki 22 mkononi za kunamua. Somo la kwanza liwe hoja ya kwanza peke yake. Anayeanza hana mtaji, kwa hiyo anatakata. Tuseme anaweka kete kwenye shimo la sita, zinakuwa tatu. Akizisambaza kulia, zinaangukia shimo la saba, kichwani, na shimo la nyuma ya kichwa, zinalala hapo. Mpinzani akitazama mashimo yake yenye kete, yote matatu yanakabili mashimo matupu, kwa hiyo naye atatakata. Lakini akizisambaza kushoto, zinaangukia nyumbani, shimo la nne na la tatu. Shimo la nne linakabili nyumba ya mpinzani, la tatu linakabili shimo lake la sita. Amemfungulia mitaji miwili kwa hoja moja. Mfundishwa acheze zote mbili kwa mikono yake, kulia kisha kushoto, aone mwenyewe. Hicho kitu kidogo humfungua mtu macho kuliko maelezo ya jioni nzima, kwa sababu hapo anajua kwamba katika bao kuna kufikiri.

Somo la pili liwe nyumba. Anayejifunza huona rundo la kete, mkono unamwasha. Kete ya mwisho ikiishia nyumbani katikati ya kula, wakati bado mnanamua, ana hiari ya kulala, yaani kuishia hapo, au kusafiri, yaani kuzoa kete zote za nyumba na kuzisambaza. Karibu wote husafiri mapema mno, na nyumba ikishasafirishwa haina heshima yake tena mpaka mchezo uishe. Wekeni sharti la mazoezi: mwezi wa kwanza hakuna safari ila kijana aweze kusema kwa mdomo safari ile itaishia shimo gani. Akishindwa kusema, alale.

Kuhusu wazee walimu, chagueni wawili au watatu wenye subira, wala si lazima wawe mabingwa. Mwalimu mmoja asichukue zaidi ya vijana wawili kwa wakati mmoja. Na sharti lao liwe moja: mkono wa mwalimu usiguse kete za mwanafunzi. Akikosea, msimamishe kabla hajasambaza, muulize, "Mtaji wako uko wapi?" Mwache atafute. Tabia ya kumnyang'anya kijana kete na kumchezea hoja nzuri imeua madarasa mengi ya bao, hata kama nia ilikuwa njema.

Sasa, kwa nini waliobaki nao waliondoka? Mara nyingi miezi mitatu ya kwanza huenda vizuri, kisha kijana anafika mahali anajua kanuni zote na bado anafungwa na kila mzee. Haoni tena mbele. Hapo anahitaji ligi ya ngazi yake. Msifanye mtoano, kwa sababu mtoano hurudisha nusu ya watu nyumbani baada ya mchezo mmoja, na nusu hiyo ndiyo mnayoitaka. Fanyeni kila mtu akutane na kila mtu. Vijana sita ni michezo 15. Jumamosi tano, michezo mitatu kila Jumamosi, kwenye mabao mawili inakwisha ndani ya saa moja. Muda unaobaki ni wa kucheza ovyo, nao ni muhimu vilevile. Matokeo yaandikwe kwenye daftari na kijana mmoja wao, si na katibu. Mwenye daftari haachi kuja.

Mwanachama kijana apewe na kura. Akiwa ameonekana barazani mara sita hivi, mwandikeni, mchango wake uwe nusu ya wa wazee, au hata robo kama bado anasoma, na aruhusiwe kuinua mkono kwenye mkutano. Klabu inayomtuma kijana kununua sukari na kupanga viti, lakini ikimnyamazisha penye maamuzi, imemfanya mtumishi, na utumishi ataupata popote.

Angalieni pia kalenda. Darasa la saba wanafanya mtihani Septemba na kidato cha nne Novemba; msipange ligi yenu hapo halafu mkasema vijana hawana msimamo. Ramadhani ndiyo mavuno. Baina ya alasiri na futari watu wanatafuta cha kupitisha muda, na mtu aliyejifunza bao katika mwezi huo ana mazoezi ya siku thelathini mfululizo. Andaeni mabao ya ziada kabla mwezi haujaandama.

Nina miaka 19. Napenda bao, lakini nikikaa na wazee wananicheka, wananionyesha hoja kwa vidole, wengine wanapiga kelele kabla sijafikiri. Nimeacha kwenda. Je, nina haki ya kulalamika? (Kijana, Temeke)

Unayo, mwanangu. Utani ni sehemu ya bao na barazani hautakwisha. Lakini utani una mahali pake: kati ya watu wanaoweza kujibizana. Anayejifunza hawezi kujibu kwa kete, kwa hiyo kwake ni kelele tu. Kuonyesha hoja kwa kidole ni kosa kubwa zaidi, maana kunamwibia mchezaji mchezo wake, awe mgeni au bingwa.

Mwendee mzee mmoja, yule unayemwona mpole, faragha na si mbele ya watu. Mwamkie, kisha mwambie, "Mzee, naomba unifundishe, lakini naomba nicheze bila kuonyeshwa." Ukimwomba mtu mzima akufundishe, anakuwa mlinzi wako, yeye ndiye atakayewanyamazisha wengine. Nenda na mwenzako wa rika lako, mcheze ninyi wawili kwenye bao la pembeni. Na ujue kwamba wachezaji hujipima kwa jinsi wanavyofungwa: kufungwa kete zikiwa bado mkononi ni aibu kuliko kufungwa baadaye. Lengo lako la kwanza lisiwe kumshinda mzee. Liwe kumaliza kunamua kete zako zote 22 ukiwa bado umesimama. Ukifika hapo mara tatu mfululizo, utaona vidole vyenyewe vinapungua.

Viongozi wa klabu wanaosoma hapa: andikeni kwenye ukuta kwamba mtazamaji haonyeshi. Anayerudia apoteze zamu yake ya kucheza siku hiyo. Adhabu ya zamu inafanya kazi kuliko faini.

Nafundisha shule ya msingi. Nataka kuanzisha klabu ya bao kwa wanafunzi 24 lakini bao la mbao ni ghali kwetu. Na je, tunahitaji usajili? (Mwalimu, Kilwa)

Kwa wanafunzi 24 lengo liwe mabao 12, kila mtoto awe anacheza. Mkishindwa, yasipungue manane, wale wanane wanaongoja wahesabu na kuandika.

Kila bao litengeneze kwa trei mbili za mayai. Trei ya kawaida ina mashimo matano kwa sita. Kata kila moja ibaki manne kwa manne, ziweke ubavu kwa ubavu, upate manne kwa manane. Zigandishe kwa gundi juu ya kipande cha boksi gumu, na gundi uipake chini ya mashimo, si kingoni tu. Zisipogandishwa, trei huinuka katikati na kete humwagika mchezo ukiwa mtamu. Paka rangi shimo la nyumba, moja kila upande, la tano kutoka kushoto kwa kila mchezaji. Hapa watu hukosea: nyumba mbili hazitazamani, kwa hiyo ukizipaka zikitazamana umekosea. Trei ya karatasi hudumu muhula mmoja ikiwa haikulowa. Baadaye fundi seremala akichonga mbao, hakikisha mbao imekauka. Mbichi hupasuka kwenye kuta nyembamba baina ya mashimo.

Kete mnazo ufukweni. Komwe, zile mbegu za kijivu ngumu, zinaokotwa bure na watoto wataziokota kwa furaha. Kila bao linahitaji 64. Weka 70 kwenye mfuko, maana zitapotea. Chagueni zinazolingana ukubwa. Gololi tunazikataa: zinateleza, na zikirundikana nyumbani zinaruka nje. Kila kipindi kiishe kwa kuhesabu kete za kila bao na kuandika idadi. Bila hivyo baada ya mwezi mtakuwa na mabao ya kete 58 na ugomvi usiokwisha.

Klabu ya ndani ya shule inatosha kwa ruhusa ya mwalimu mkuu. Ikitoka nje na kuwa klabu ya mtaa yenye wanachama na fedha, Tanzania Bara mnaanzia kwa afisa utamaduni au michezo wa halmashauri, na usajili unapita kwa Msajili wa Vyama vya Michezo chini ya sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya mwaka 1967. Mtatakiwa kuwa na katiba, basi iandikeni mapema na kifungu cha wanachama wa chini ya miaka 18 kiwemo.

Binti yangu ana miaka 14, amejifunza bao kwa babu yake na anawafunga kaka zake. Anataka kucheza na wengine, lakini baraza ni la wanaume. Nifanyeje? (Mama, Mombasa)

Dada, bao halina jinsia. Ni mahali pa kukaa ndipo penye shida. Si vyema kumpeleka peke yake katikati ya wanaume ishirini na kutarajia afurahi. Tafuta wasichana watatu au wanne, shuleni au madrasa au kwa majirani, na uwanja wa nyumba yenu ukiruhusu, wekeni siku moja kwa wiki, saa zilezile, mtu mzima wa kike akiwepo. Babu awe mwalimu. Wakiwa wanne mabao mawili yanatosha. Baada ya miezi michache, iombe klabu ya mtaa siku ya mchezo wa kirafiki: timu kwa timu, mabao manne kwa pamoja, wazazi wakikaribishwa. Timu huingia mahali ambapo mtoto mmoja hawezi kuingia.

Na klabu zinazolia kukosa vijana zikumbuke kwamba nusu ya vijana ni wasichana. Kabla ya kutuma mwaliko, tazameni mambo mawili: je, kuna choo safi karibu, na je, mazungumzo ya barazani kwenu yanafaa kusikika na mtoto wa mwenzenu?

Tuko Maskati, watoto wetu wanazungumza Kiswahili lakini bao hawalijui. Nimewapakulia mchezo kwenye simu, wameupenda, ila naona si bao ninalolijua. (Baba, Maskati)

Umeona sawa. Programu nyingi za mankala ni za safu mbili, mashimo sita kila upande na ghala mwishoni. Huo ni mchezo mwingine, na mazoea yake yanapingana na ya kwetu: kule kete ulizokula unaziweka ghalani, huku unazirudisha mchezoni. Kabla ya kupakua, tazama picha: kuwe na safu nne, mashimo manane kila safu, na nyumba. Jaribu hoja ya kwanza. Ikiwa huna kete 22 za kunamua, si bao la kiswahili.

Simu ina faida nyingine. Waombeni ndugu walioko nyumbani wawatumie picha: bao likiwa limesimama katikati ya mchezo, picha itoke juu moja kwa moja, nyumba za pande zote zionekane, na kando kuandikwe ni zamu ya nani na kete ngapi zimebaki mkononi. Watoto wajibu wangecheza hoja gani, kabla ya Ijumaa. Picha ya pembeni haifai, kwa sababu kete za safu ya nyuma hufichwa na kingo.

Vijana wetu wanataka dau dogo, wanasema bila pesa hakuna mzuka. Wazee wawili wanawaunga mkono. (Mwenyekiti, Tanga)

Kataeni, mwenyekiti, na msione haya. Kuendesha michezo ya pesa bila leseni ni kosa kisheria, na siku polisi wakifika, klabu nzima inahesabiwa kijiwe cha kamari. Hata bila polisi, dau linaharibu mafunzo: anayejua hatatafuta mwenzake wa kulingana naye, atatafuta mgeni wa kumla. Ndani ya mwezi wageni wote wamekwisha.

Mzuka upatikane kwingine. Aliyefungwa ndiye anayenunua kahawa na kashata kwa meza, kila mtu anakula, na gharama ina mwisho unaojulikana. Wekeni ubao wa majina ukutani, wa kwanza hadi wa mwisho, na anayetaka kupanda amwombe mchezo aliye juu yake moja au mbili; aliyeombwa asikatae zaidi ya wiki moja. Kwa hao wazee wawili, wapeni kazi ya kusimamia ubao huo. Majina yaandikwe kwa chaki, maana yatabadilika kila Jumamosi.